Saa ya Meli, Saa ya Dar: Kisa cha Bibi Aliyerudi Kisutu

Mgeni wa hoteli akichelewa kurudi, chakula chake kinapoa. Mgeni wa meli akichelewa, nguo zake, dawa zake na kitanda chake vinaondoka bila yeye. Nimetembeza watu katikati ya Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja, na kisa hiki ndicho kilichonifanya nibadili namna ninavyoipanga siku ya mgeni wa meli. Nakieleza chote, makosa yangu yakiwemo, kwa sababu wenzangu wengi bado wanapanga kama nilivyokuwa nikipanga mimi.

Mgeni alikuwa bibi wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Kisutu, mtaa wa katikati ya jiji, mtoto wa Wahindi wa Dar, aliyeondoka nchini mwaka 1971 pamoja na wazazi wake na hakuwahi kurudi tena. Alikuwa amefuatana na mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyezaliwa Canada na asiyejua Kiswahili. Meli yao ilikuwa inatoka Shelisheli moja kwa moja mpaka Dar, inalala gatini mchana mmoja tu, kisha inaelekea kusini. Nilipewa namba yao na jamaa wa familia aliyebaki hapa mjini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulizungumza kwa simu. Nikamuuliza bibi swali ninalomuuliza kila mgeni wa meli: mnatakiwa muwe mmerudi saa ngapi? Akanijibu papo hapo, "Saa kumi na nusu, mwanangu." Nikaandika. Angekuwa mgeni asiyejua lugha, ningemwambia anisomee ilivyoandikwa kwenye kadi yake, na ningemuuliza ni saa ya wapi, maana saa za wageni na saa zetu zinapishana kwa sita na mtu anayejifunza lugha huchanganya. Lakini huyu alikuwa anaongea Kiswahili kama shangazi yangu. Saa kumi na nusu ni saa kumi na nusu. Sikuwa na sababu ya kuuliza mara ya pili, au ndivyo nilivyodhani.

Kisha nikauliza wanataka kuona nini. Kijana alikuwa na orodha: makumbusho, vinyago vya Mwenge, pantoni ya Kigamboni. Nilipomrudia bibi akasema, "Mimi mnipitishe Kisutu tu, mkipata nafasi."

Mkipata nafasi. Sisi tuliolelewa pwani tunalijua neno hilo. Mtu mzima mwenye haja kubwa haombi kwa sauti kubwa. Anaiweka haja yake pembeni ili asiwasumbue wengine, na anayemsikiliza ndiye anayepaswa kuiokota na kuiweka mbele. Mimi sikuiokota. Nilipanga hivi: asubuhi tutembee ukanda wa zamani wa pwani kabla jua halijakolea, adhuhuri tuwe makumbusho, baada ya chakula twende Mwenge kwa gari, halafu tukirudi tupite Kisutu, kwa kuwa ni karibu na bandari. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Nilijiambia pia kwamba jambo la moyoni linafaa liwe la mwisho, mtu aende nalo melini likiwa bado bichi.

Asubuhi walitoka getini saa tatu na robo. Meli ilikuwa imefunga gati muda mrefu kabla ya hapo, lakini kuna foleni ya kushuka, kuna Uhamiaji, na ndani ya bandari ya mizigo abiria hatembei kwa miguu, anasubiri basi la kumleta getini. Nilimwamkia bibi, akaitikia, "Marahaba mwanangu," na kabla hajaniuliza jina akaniuliza maji yanajaa au yanakupwa. Nikageuka kutazama. Yalikuwa yanajaa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema.

Tukaanzia Boma la Kale, Sokoine Drive. Nawaanzishia hapo wageni wote, kwa sababu hapo mji unaonekana ulivyozaliwa. Kabla ya mji palikuwa na kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaipenda bandari hii, yenye kina na iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba, akaanza kujenga. Alikufa mwaka 1870 kazi ikiwa haijakamilika, na mji ukadorora mpaka Wajerumani walipofika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao yao kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani ni mafupi kwa meli kubwa. Boma ni la enzi za Majid. Kijana aliweka kiganja chake chote ukutani, akanionyesha vidole vilivyobaki na unga mweupe wa chokaa. Nikamwelekeza atazame juu, zilipo boriti za mikoko. Upana wa vyumba vya zamani vya pwani ulifuata urefu wa boriti. Mti ulipoishia ndipo ukuta ulipojengwa. Alisimama akihesabu boriti kwa kidole, na bibi akawa anamtafsiria maneno yangu kabla sijamaliza kuyasema.

Makanisa mawili ya Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, tulipita kwa haraka. Saa tano kasorobo tulikuwa kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Nikaeleza kwamba sanamu ile iliwekwa mwaka 1927, kwamba kabla yake ilisimama hapo sanamu ya gavana Mjerumani, Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916, na kwamba maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Bibi aliiita Samora kwa jina la Acacia Avenue, jina la kabla ya Uhuru.

Hapo ndipo penye kosa langu, na nimeparudia kichwani mara nyingi. Kutoka Askari mpaka Kisutu si safari. Hata kwa miguu yenye goti bovu ni mwendo mfupi. Tukiwa tumesimama pale, kijana akipiga picha, bibi hakuwa anaitazama sanamu. Alikuwa amegeukia upande wa Uhindini, mkono mmoja umeshika ukingo wa kofia, anatazama kule majumba ya vioo yalikoota. Nilimwona. Nikasema, "Bibi, kule tutapita tukirudi," nikawageuza upande wa pili, kwenda Bustani na Makumbusho. Akajibu, "Haya, mwanangu." Hakusema neno lingine.

Bustani ya miti ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na ndani yake upo mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi pacha kubwa kuliko kichwa cha mtu. Kijana alikuwa ameuona Shelisheli siku chache kabla, akafurahi kuukuta tena huku. Kuvuka barabara tu ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Bibi alikaa kwenye benchi la kivulini, mjukuu akaenda kuona fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959.

Nikamletea bibi maji. Akatazama saa yake ya mkononi, akafungua kikebe cha dawa, akasema, "Saa saba na robo, nimechelewa kidonge."

Simu yangu ilisema saa sita na robo.

Nikadhani saa yake imeharibika. Nikamwita kijana, nikamwomba simu yake. Saa saba na robo. Hakuwa amewasha mtandao tangu Shelisheli, kwa kukwepa gharama. Akatoa kadi ya meli mfukoni, na kwa mara ya kwanza nikaisoma kwa macho yangu: mwisho wa kupanda 16:30, na chini yake mstari mdogo kwamba saa zote ni saa za meli. Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja. Nahodha hakubadilisha saa kwa ajili ya kituo cha mchana mmoja. Kwa hiyo saa kumi na nusu ya bibi ilikuwa ni saa tisa na nusu ya Dar, na mimi nilikuwa nimempangia siku yenye saa moja isiyokuwepo.

Ufasaha wake ndio ulionipumbaza. Kama tungekuwa tunaongea kwa kubabaisha, kosa lingejitokeza usiku uleule kwenye simu. Tulielewana kila neno, na ndani ya maelewano hayo saa moja ikapotea bila mmoja wetu kuhisi. Tangu siku hiyo siulizi "saa ngapi" peke yake. Mgeni akifika getini namwambia atoe saa yake, naiweka sambamba na yangu, tunatazama pamoja. Inachukua nusu dakika.

Sasa hesabu. Saa tisa na nusu ndio mwisho. Toa nusu saa ya geti, ukaguzi na basi la ndani. Toa nusu saa nyingine ya foleni ya Sokoine Drive, maana siku ya kazi mchana barabara ile haina ahadi. Inabaki saa nane na nusu, tuwe tumeshapanda gari. Tulikuwa na saa mbili na robo mkononi, na mambo manne: chakula, Mwenge, pantoni na Kisutu.

Kijana alitaka Mwenge, na sikumlaumu. Ndilo jambo lililomleta nje ya meli. Mwenge ni kama kilomita kumi kutoka pale. Kwenda, kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Daraja la Salenda, ungeweza kubahatisha. Kurudi ndiko kwenye shida. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022 tunayo njia ya pili ya kuingia mjini kutoka kaskazini, lakini daraja linakuvusha maji, halikuondolei mataa yaliyo kabla yake. Dereva wetu, ambaye ni mtu mwangalifu, nilimpigia nikamuuliza angechukua dakika ngapi. Akasema, "Dada, kwenda nitakwambia. Kurudi usiniulize." Jibu hilo lilitosha.

Pantoni je? Kuvuka ni dakika chache, na kwa mgeni ni raha kubwa: upepo, baiskeli, matenga, wanafunzi, mji wote unauona kutoka majini. Ila ukishavuka, kati yako na meli pana maji na kivuko kisichokuwa mikononi mwako. Pantoni moja ikipata hitilafu, umebaki Kigamboni na njia ya pili ni kuzunguka mpaka Daraja la Nyerere, Kurasini. Siku ya meli simvushi mtu baada ya adhuhuri, awe nani.

Nilimweleza kijana haya yote waziwazi, kosa la saa likiwa langu, na kwamba nitamrudishia gharama ya Mwenge. Nilimweleza pia jambo ambalo bibi yake hakumwambia: kwamba meli huwasubiri abiria waliotoka na matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe, lakini waliojitafutia mwenyeji hawasubiriwi. Akakaa kimya kidogo, akamtazama bibi yake, akauliza ni kitu gani hasa kiko Kisutu. Bibi akamjibu kwa Kiingereza, sentensi mbili. Kijana akasimama na kubeba mkoba wake.

Tulifika saa saba kasoro dakika kumi. Bibi alimsimamisha dereva mwenyewe, "Hapo, hapo baba, kabla ya kona." Akashuka. Mahali pa nyumba yao palikuwa na jengo refu la vioo, chini yake benki. Nilijua tangu usiku kwamba huenda nyumba haipo. Kisutu na Uhindini kote majengo ya zamani yamekuwa yakiangushwa, na sikuthubutu kumwambia kwenye simu. Hilo nalo nalihesabu kuwa kosa. Mtu akienda kuaga, ana haki ya kujua mapema anakwenda kuaga nini.

Hakulia. Alirudi mpaka kwenye kona, akasimama, akaanza kutembea kando ya vioo kwa hatua fupifupi, akihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu." Nilidhani ni goti. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatembea hatua za mtoto. Alipofika kumi na nne akasimama. "Hapa. Mlango ulikuwa hapa." Pale aliposimama palikuwa mbele ya mashine ya kutolea fedha, na kijana mmoja mwenye visikizio masikioni akaja kusimama nyuma yake. Baada ya muda akamuuliza kwa adabu, "Mama, unatoa hela?"

"Hapana baba. Mimi nilikuwa nakaa hapa."

"Hapa benki?"

"Hapa."

Yule kijana akavua visikizio. Akarudi nyuma hatua moja, akamwacha asimame. Mlinzi wa benki aliona, naye hakusema kitu.

Ng'ambo ya mtaa lilikuwa limebaki jengo moja la ghorofa mbili, lenye roshani na mwaka wa kujengwa ulioumbwa kwa saruji juu yake. Chini, barazani, fundi cherehani alikuwa anashona sare za shule. Alituona tukizubaa juani, akavuta kigoda. "Karibu mama, ukae kivulini." Hakuijua familia ya bibi, alifika mtaani miaka ya themanini. Lakini siku ya kubomoa alikuwepo. Akasimulia kwamba walianza na mlango, ule mkubwa wa mbao, wakautoa mzima na fremu yake, ukapakiwa kwenye kirikuu. Bibi akamuuliza ulielekezwa wapi. Hakujua. Akamuuliza kama ulikuwa na rangi ya kijani. "Kijani iliyopauka, mama." Bibi akaweka mkono kifuani. Mtu mwingine alikuwa ameuona mlango wao, na alikuwa anaukumbuka.

Nilikuwa nimepapangia Kisutu robo saa. Tulikaa zaidi ya saa nzima. Nikamtuma dereva na kijana kutafuta chakula, wakarudi na mihogo ya kukaanga yenye chachandu ya embe, bibi akala kwa mkono kwenye gazeti, akimwonyesha mjukuu roshani ambayo jirani yao alikuwa akiteremsha kikapu kwa kamba kununua mboga barabarani. Ndipo akaeleza kilichotokea. Jengo lilikuwa la baba yake, wao wakikaa ghorofa moja na kupangisha nyingine. Mwaka 1971 sheria ikapita ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Baba yake hakutaka kuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga. Miezi michache baadaye wakaondoka.

Ningeweza kukaa kimya. Nikaona si haki. Nikamwambia, "Bibi, mimi nimelelewa kwenye nyumba ya Msajili. Upanga. Baba alikuwa karani wa serikali." Nilikuwa naogopa, kusema kweli. Nyumba zile ziliumiza watu, na zilituhifadhi watu. Bila ile ya Upanga sijui sisi watoto sita tungesomea wapi. Bibi alinitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili."

"Upepo wa bahari mlikuwa mnaupata?"

"Jioni, bibi. Tukifungua madirisha ya nyuma."

"Eeh," akasema. "Sisi pia jioni."

Saa nane na dakika ishirini nikawasimamisha. Fundi alimkatia bibi kipande cha kitambaa cha sare, kisicho na kazi, akakikunja na kumpa. Sokoine Drive ilitushika kama nilivyoogopa. Saa tisa kasoro dakika kumi ndipo tulipofika getini. Basi la ndani lilikawia. Kwa saa ya meli walipanda wakiwa na dakika ishirini tu zilizobaki. Kwa mpango wangu wa usiku, wakati huo tungekuwa Mwenge bado tukipatana bei.

Tangu hapo naipanga siku ya meli kinyume na zamani. Mwisho wa siku si wetu, ni wa meli. Chochote kikienda mrama asubuhi, foleni, mvua, goti, saa iliyosomwa vibaya, kinalipwa na jambo la mwisho kwenye orodha. Kwa hiyo jambo ambalo mgeni hawezi kulipata mahali pengine popote duniani linakwenda la kwanza, hata kama linavuruga njia, hata kama makumbusho yatatazamwa juu juu. Tungeanza na Kisutu saa tatu na robo asubuhi, bibi angekaa na fundi kadiri anavyotaka, na kijana angeweza hata kuvuka na pantoni kabla ya adhuhuri. Na nasikiliza sana anayesema "mkipata nafasi".

Baada ya kuwaacha nilishuka Feri. Saa kumi na kitu meli ilianza kutoka, tagi, boti ya kuvuta meli, ikiwa ubavuni. Pantoni iliyokuwa imejaa watu na magari ilizuiwa upande wa Magogoni isikatize, kama inavyofanywa meli kubwa ikipita mlangoni. Pale Feri mlango ni mwembamba kiasi kwamba unaona watu waliosimama juu kwenye reli. Abiria wa pantoni walikuwa wanapunga mikono, watoto wanapiga kelele. Sikuweza kumtambua bibi. Simu ikalia, ni yeye, na nyuma ya sauti yake nilisikia honi ileile niliyokuwa naisikia mimi. Akauliza, "Mwanangu, maji yamejaa au yanakupwa?"

Nikamwambia yanakupwa.